Mkulima Atoe Senti, Lakini Awe na Kiti



Baada ya mavuno tulikwenda kuzungumza na wakulima wa hapa Kawajense, chini ya mwembe, kama ilivyo desturi yetu. Shauri tulilolipeleka lilikuwa fupi: kila gunia la mtama linalouzwa litoe akiba ndogo, na akiba hiyo itumike kwa utafiti wa mbegu na kwa kutafuta soko. Tulidhani tumejitayarisha vyema. Tukaanza kwa methali ambayo kila mtoto wa shule anaijua, kwamba haba na haba hujaza kibaba.

Mzee mmoja akasimama, akavua kofia yake, akasema: "Vijana wetu, methali yenu ni njema. Lakini sisi watu wa Mpanda tunajua asali, na ya kwetu yasema chovya chovya humaliza buyu la asali. Kila mwaka unakuja mkono mpya kuchovya. Huyu ushuru, yule ada, wa tatu mchango. Buyu ni lile lile. Je, nanyi mmekuja na kijiti chenu?"

Watu wakacheka, nasi tukacheka. Lakini tulipokuwa njiani kurudi hatukucheka tena. Swali lile halikuwa la mzaha, na tungekuwa watu wa hovyo kama tungelipita kimya. Tumelifikiri, na leo twalijibu mbele ya watu wote.

Twasema hivi: mzee ana haki. Senti ya mkulima isiyo na kiti ni kodi tu, hata ukiipa jina zuri namna gani. Lakini twasema pia kwamba mkulima asiyeweka senti yake katika kazi ya mbegu na soko ataendelea kungoja mlangoni mwa watu wengine, na siku mlango ukifungwa atalala nje. Haya mawili yaende pamoja. Mkulima atoe senti, lakini awe na kiti.

Kwanza tueleze kwa nini mtama. Kwetu mahindi ndiyo yanayotawala, na wala hatusemi yang'olewe. Lakini mvua zetu ni za msimu mmoja tu, kuanzia Novemba hata Aprili. Zikikatika wakati mahindi yanapotoa mbelewele, mwaka umekwisha; hakuna msimu wa pili wa kusahihisha kosa. Mtama ni mvumilivu. Mizizi yake huenda chini sana, majani yake yana nta na hujikunja jua likiwa kali, na mmea wenyewe huweza kusimama bila kukua, ukangoja mvua, kisha ukaendelea. Nyumba yenye kipande cha mtama kando ya mahindi ina akiba ambayo jua haliimalizi kwa siku moja.

Hata hivyo mtama nao una adui zake. Kuna kiduha, lile gugu lenye maua ya kupendeza ambalo hufunga mizizi yake katika mizizi ya mtama na kuunyonya kabla hata halijatokeza juu ya ardhi. Kuna kwelea kwelea, ambao hupenda mtama mweupe kuliko ule mwekundu wenye uchungu. Na bahati mbaya mtama mweupe ndio unaotakiwa zaidi sokoni. Adui hawa hawaondoki kwa hotuba. Wanahitaji watu waliosoma, wenye mashamba ya majaribio, wanaofanya kazi miaka kumi bila kukatizwa ili watoe mbegu moja iliyo njema.

Je, kazi hiyo imelipwa na nani mpaka leo? Hapa ndipo penye jambo letu.

Wakulima wengi wa mtama nchini wanazijua mbegu za Tegemeo, Pato na Macia. Tegemeo ilitolewa mwaka 1978, na Pato na Macia zilifuata katika miaka ya 1990. Mwaka 2002 zikatolewa Hakika na Wahi, ambazo hustahimili kiduha. Wataalamu wetu wa Ilonga na Hombolo walifanya kazi ya kusifiwa. Serikali yetu ililipa mishahara na kutunza vituo. Lakini sehemu kubwa ya kazi ya miaka ya 1980 na 1990 ilibebwa na mradi wa mtama na uwele wa nchi za kusini mwa Afrika, uliokuwa na makao yake Matopos, Zimbabwe, chini ya taasisi ya kimataifa ya ICRISAT, na fedha zake zilitoka kwa wafadhili, Marekani ikiwa mbele. Mradi ule ulifikia mwisho wake mwaka 2003. Mfadhili alikuwa na kalenda yake, na kalenda ile haikuandikwa shambani kwetu.

Yaliyotokea juzi yametufundisha tena. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilivunja shirika lake la misaada, USAID. Pamoja na mambo mengine mengi, maabara ya utafiti wa nafaka, mtama na uwele zikiwamo, iliyokuwa katika Chuo Kikuu cha Kansas State, iliyoshirikiana na wataalamu wa Afrika, ilikatiwa fedha. Hatuwalaumu walipa kodi wa Kansas. Fedha ni zao, na mwenye mfuko hufunga mfuko wake apendapo. Lawama ni yetu, ikiwa baada ya miaka zaidi ya 60 ya uhuru bado mbegu ya chakula chetu inategemea kama mtu wa mbali ameamka vizuri au vibaya. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Wapo watakaosema, "Yaachieni makampuni ya mbegu." Makampuni yana kazi yake, nasi hatuyapigi vita. Lakini fikirini. Mbegu kama Macia au Hakika si chotara. Mkulima akiinunua mara moja, akachagua masuke mazuri na kuyahifadhi vyema, aweza kuipanda tena mwaka unaofuata na mwaka wa tatu, na kumpa jirani yake kibaba. Kwa mkulima hilo ni jambo jema kabisa. Kwa mfanya biashara si jema hata kidogo, kwa maana mteja wake harudi. Kwa hiyo mfanya biashara ataweka fedha zake katika mahindi chotara, ambayo lazima yanunuliwe kila msimu. Mbegu inayomfaa mnyonge haina tajiri wa kuigharamia. Hapana budi igharamiwe kwa pamoja na wale wanaofaidika nayo.

Sasa tutazame wenzetu walivyofanya. Mtama ni mwana wa Afrika. Ulianza kulimwa zamani sana katika nchi za Sudani, ukaenea bara zima, ukavuka bahari kwenda Bara Hindi na China, na baadaye ukafika Marekani, mwingine ukiwa ndani ya meli zile zile zilizowachukua babu zetu utumwani. Leo wakulima wa Kansas na Texas wanaulima kwa matrekta, na wamejiwekea utaratibu. Tangu mwaka 2008, mkulima wa huko anapouza punje za mtama, mnunuzi wa kwanza hukata asilimia 0.6 ya thamani yake na kuipeleka katika mfuko mmoja ulio na ofisi mjini Lubbock, Texas. Maana yake ni senti 60 katika kila dola mia. Mfuko huo unaongozwa na bodi ya watu 13, wote wakulima wa mtama, ambao majina yao hupendekezwa na vyama vya wakulima na kuteuliwa na Waziri wa Kilimo. Fedha huenda kwenye utafiti wa mbegu, kwenye kutafuta wanunuzi, na kwenye elimu kwa mkulima. Na mwaka 2011 wakulima wenyewe walipiga kura kuamua kama mfuko uendelee au ufe. Walio wengi wakasema uendelee.

Ndugu, angalieni mambo mawili hapo. La kwanza, anayekata fedha si yule anayeitumia, na anayeitumia ni mkulima. La pili, mkulima alikuwa na nguvu ya kuuvunja mfuko wake kwa kura. Mfuko unaoweza kuvunjwa na mwenyewe huwa na adabu.

Wenzetu wa Australia wao wameongeza jambo la tatu. Huko shirika la utafiti wa nafaka, lililoundwa mwaka 1990, hupata karibu asilimia moja ya thamani ya nafaka inayouzwa na mkulima, mtama ukiwa mmojawapo, na serikali nayo huongeza fedha yake juu ya ile ya mkulima. Yaani mkulima akitoa, serikali haiondoki na kumwachia mzigo; husogea karibu na kubeba upande wa pili. Nasi twataka iwe hivyo hapa.

Mtatuuliza, kwani mambo haya hayajapata kujaribiwa hapa kwetu? Yamejaribiwa, na twapaswa kusema mema na mabaya yake bila kuficha.

Mema yako katika kahawa. Kituo cha Lyamungu, Moshi, kilianza utafiti tangu mwaka 1934. Mwaka 2001 kazi hiyo ilikabidhiwa taasisi ya TaCRI, inayomilikiwa na wadau wa kahawa wenyewe, na kwa miaka mingi sehemu ndogo ya bei ya kahawa, isiyofika shilingi moja katika kila mia, ilikuwa ikienda kwenye utafiti huo. Matunda yake yalionekana. Miche mipya inayostahimili chulebuni na kutu ya majani ilipatikana, na mkulima akapunguza gharama ya dawa. Senti ilitoka, na mche ukarudi. Mkulima hahitaji kuhubiriwa sana anapouona mche.

Mabaya yako katika korosho. Kwa miaka kadhaa, asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazosafirishwa nje ilikuwa ikirudi kuendeleza zao lenyewe, pamoja na pembejeo na utafiti. Mwaka 2018 sheria ilibadilishwa Bungeni, na fedha zote zikaelekezwa katika Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa kusini walipinga kwa nguvu, lakini kura haikuwa upande wao. Hatuandiki haya kumsuta mtu. Serikali ina mahitaji mengi na yote ni ya wananchi. Twaandika kwa sababu jambo hili lafundisha: fedha iliyokusanywa kwa jina la mkulima, lakini isiyo mkononi mwake, yaweza kuhamishwa kwa siku moja, naye akasikia habari redioni.

Wazee wetu waliijua hatari hii zamani. Katika siku za ukoloni, wakulima wa Uganda walikatwa sehemu kubwa ya bei ya pamba na kahawa zao, nayo ikawekwa katika mifuko ya kusaidia bei iliyojaa mamilioni ya pauni, na mkulima hakuwa na sauti humo. Ndiyo mojawapo ya sababu zilizomfanya Ignatius Musazi na chama chake cha wakulima wa Kiafrika kusimama, na ndiyo hasira iliyoonekana katika fujo za mwaka 1949. Kwetu Tanganyika, Paul Bomani na wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walianza na madai ya mizani ya haki, na mwaka 1955 wakawa na shirikisho lao la vyama vya ushirika, Victoria Federation, lililokuja kumiliki viwanda vya kuchambua pamba. Wazee hawa walikuwa tayari kutoa fedha zao kwa ushirika. Walichokataa ni kutoa bila kuulizwa. Na tukumbuke pia kwamba mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri kutoka juu, na kosa hilo likasahihishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Chombo cha mkulima chaweza kupotea hata katika nchi huru, kama wenye chombo wamelala.

Na soko je? Hapa pia twajifunza kwa majirani. Nchini Kenya kiwanda kikubwa cha bia kilitoa mwaka 2004 bia ya bei nafuu ya Senator Keg, na baadaye ikatengenezwa kwa mtama. Serikali iliisamehe kodi ili watu waache pombe za hatari, na wakulima maelfu wakapanda mtama. Mwaka 2013 kodi ikarudishwa. Bei ya bia ikapanda, wanywaji wakaikimbia, na mtama wa mkulima ukakosa mnunuzi, mpaka msamaha uliporudishwa mwaka 2015. Hata wakulima wa Marekani wenye mfuko wao wameonja. Walikuwa wamempata mnunuzi mmoja mkubwa, China. Mwezi wa Aprili 2018, katika ugomvi wa biashara, China ikadai dhamana ya asilimia 178.6 juu ya mtama wao, na meli zilizokwisha ng'oa nanga zikageuzwa njiani. Mwezi uliofuata dhamana hiyo ikaondolewa, lakini hasara ilikwisha wafika watu.

Kwa hiyo mnunuzi mmoja si soko. Mtama wetu waweza kuliwa ugali na uji, waweza kuwa chakula cha kuku, waweza kwenda kiwanda cha bia, na waweza kununuliwa na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Lakini kila mmoja wa wanunuzi hawa anataka mtama mkavu, usio na mchanga, wa aina moja, na kwa wingi. Mkulima mmoja mwenye magunia manne hawezi kumtimizia. Ndiyo maana mlanguzi humkuta barabarani na kumpangia bei. Wakulima mia moja wenye ghala moja, turubai na kipimo cha unyevu wanaweza kuzungumza na mnunuzi wakiwa wamekaa.

Sasa tufanye hesabu, kwa mfano tu. Tuseme kilo ya mtama ni shilingi 600. Gunia la kilo 100 ni shilingi 60,000. Tukikata asilimia 0.6 kama wale wa Kansas, ni shilingi 360 kwa gunia. Chama chenye magunia 1,000 kitapata shilingi 360,000. Hizo hazijengi maabara, na mtu asiwadanganye. Zaweza kununua maturubai, au kutunza shamba moja la majaribio ambapo mbegu tatu zitapandwa bega kwa bega, wakulima wakaja kuona kwa macho yao. Lakini kama tani 100,000 tu zingepita katika maghala ya nchi nzima kwa bei hiyo, mfuko ungekuwa na shilingi milioni 360 kila mwaka. Hapo mtafiti wa Hombolo asingengoja barua kutoka ng'ambo ili apate mafuta ya gari.

Twajua ugumu uliopo. Mtama mwingi wa nchi hii huliwa nyumbani, na mwingine huuzwa kwa debe. Hatutaki mtu aingie jikoni mwa mama na kukata chochote. Senti itoke tu kwenye mtama unaopita ghala la ushirika, na ianze pale ambapo ghala limekwisha mletea mkulima bei iliyo bora kuliko ya barabarani. Kwanza faida, kisha mchango.

Kwa hiyo twarudi kwa yule mzee na kijiti chetu, naye akitazame vizuri. Twapendekeza masharti manne, na lolote likikosekana, wakulima wakatae.

Kwanza, wakulima wa mtama wapige kura ya siri kabla ya mfuko kuanza, na wapige tena kila baada ya miaka michache.

Pili, walio wengi katika bodi wawe wakulima wanaolima mtama kweli, wanawake wakiwa na nafasi yao kamili, kwa maana wao ndio wanaokesha na ndege shambani.

Tatu, hesabu isomwe kila mwaka katika mkutano na kubandikwa mlangoni mwa ghala. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Nne, mkono mpya usiongezwe katika buyu pasipo mkono wa zamani kupungua. Mwaka 2017 ushuru wa mazao wa halmashauri ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Kwa sheria hulipwa na mnunuzi, lakini kila mtu anajua mnunuzi huushusha katika bei ya mkulima. Twaomba madiwani wetu walifikirie hili: sehemu ya ushuru unaotokana na mtama itengwe kwa ajili ya mtama, na kila shilingi ya mkulima ikutane na shilingi ya umma. Hapo ndipo tutakapomtazama mzee usoni bila aibu.

Chama chetu hakikuzaliwa ili kiwaambie watu watoe tu. Kilizaliwa kwa sababu watu walitoa muda mrefu bila kuulizwa. Basi wanachama, msilichukue shauri hili kama amri. Lipelekeni katika matawi, lijadilini katika vyama vyenu vya ushirika, lirekebisheni panapopinda. Nasi msimu huu, kabla ya mvua za Novemba, tutarudi chini ya ule mwembe. Tutakuja na daftari tupu na kalamu, na kiti cha kwanza tutamwekea yule mzee.